Tangi la mimea limejaa mwani: lishike kwanza kwa vidole

Ukisema mwani hapa kwetu, watu wanawaza kamba na vigingi baharini na akina mama wanaoshuka kuvuna maji yakipwa. Huo ni mwani wa pesa. Ninaouandikia leo ni ule mwingine, unaofunika kioo cha tangi sebuleni mpaka mgeni anauliza kama ndani bado mna samaki.

Kabla hujanunua dawa yoyote, ingiza mkono majini, ng'oa kipande kidogo cha hicho kinachokukera, ukisugue kati ya vidole. Macho hayatoshi, maana kwa macho kila kitu ni kijani tu. Kikiteleza kama mlenda na kubanduka kwa vipande vipana, hilo ni jambo moja. Kikivutika kama uzi wa kushonea, ni jingine. Kikigoma kwenye kioo mpaka utumie ukucha, la tatu. Kikiwa kishungi cheusi kilichong'ang'ania ukingo wa jani, jiandae kwa kazi ya wiki kadhaa. Kikiwa vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole kimoja, pumua, hilo litaondoka. Na kama hakuna cha kushika, maji yenyewe ndiyo yamegeuka kijani, anza na jua.

Kwa kweli hata kama kipo cha kushika, anza na jua.

Jua linaingia saa ngapi?

Mmea wa majini unataka vitu vitatu viende pamoja: mwanga, hewa ukaa na chakula. Kimoja kikizidi na vingine vikabaki palepale, mmea unashindwa kukitumia na mwani unakidaka. Kwenye matangi ya huku kinachozidi mara nyingi ni mwanga. Hewa ukaa wachache tunaiongeza, jua tunapewa bure.

Mtwara na Lindi ziko kama nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu tarehe 20 Oktoba, jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini wa nyumba yako. Juni na Julai ndipo linapoinamia huko zaidi, na dirisha la kaskazini lisilo na kibaraza linaliingiza mpaka ndani. Desemba linapita karibu na utosi, kwa hiyo dirisha la kusini halipati mengi, paa linalizuia. Ndiyo maana kuna watu wananiuliza, "Mbona mwani umenianza kipupwe, joto lilipopungua?" Joto limepungua, ndiyo, lakini jua limehamia dirishani. Madirisha ya mashariki na magharibi yanasumbua mwaka mzima, na la magharibi ndilo baya kuliko yote, kwa sababu jua la saa kumi linakuta maji yameshapata moto tangu asubuhi.

Usikisie. Siku ambayo uko nyumbani, nenda kaangalie tangi saa mbili asubuhi, saa sita, kisha saa kumi jioni. Ukiona hata mstari mmoja wa jua umegusa kioo, bandika boksi gumu au kitambaa kizito upande huo kwa wiki mbili na usibadilishe kitu kingine chochote. Hilo la kutobadilisha kingine ni la lazima. Ukiziba jua, ukapunguza chakula na ukatia dawa siku hiyohiyo, tangi likipona hutajua kilicholiponya, na mwakani utaanza upya.

Baada ya jua, taa. Tangi lisiloongezewa hewa ukaa linatosheka na saa sita za taa kwa siku, nane zikizidi. Mama mmoja wa Lindi mwenye saluni alinipigia simu kwamba mimea yake imeota manyoya. Taa ya tangi ilikuwa ikiwaka toka saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, saa kumi na tatu nzima. Nilipomwambia aizime akacheka: "Kaka, nikizima wateja wanadhani nimefunga." Tukakubaliana taa ya ukutani iwake kutwa, ya tangi iwake saa nane mchana mpaka saa mbili usiku, wakati ambao saluni imejaa. Manyoya hayakuondoka siku hiyo, lakini yaliacha kuongezeka.

Taa nzuri iwashwe kwa taimu, isitegemee kumbukumbu ya mtu. Hapa pana mtego ulioninasa mwenyewe. Taimu ya kuzungusha, ile yenye meno pembeni, inasimama umeme ukikatika na kuendelea pale ilipoishia umeme ukirudi. Wiki moja umeme ulikatika mara nne, saa mbili hapa, saa moja na nusu pale, na mimi nilikuwa Masasi kwa msiba. Niliporudi taa ilikuwa ikiwaka mpaka karibu saa sita usiku. Ilikuwa bado saa sita za mwanga, lakini zilikuwa zimeongezwa juu ya mwanga wa mchana wa dirishani ambao zamani zilikuwa zinakwenda nao pamoja. Kioo kilikuwa na madoa ya kijani kila mahali. Ukiwa na taimu ya namna hiyo, irekebishe kila umeme unaporudi, au nunua ya kidijitali yenye betri ndani.

Maji yenyewe yamekuwa ya kijani

Hapa hakuna cha kusugua wala kuchuja. Ni mwani wa chembe mojamoja unaoelea, mdogo kiasi kwamba sponji ya filta inaupitisha. Watu wanabadilisha maji kila siku na siku ya pili yamerudi vilevile, kwa sababu kilichobaki kinazaana upesi na maji mapya yanakiletea chakula kipya.

Bwawani rangi hii ni mtaji. Wafugaji wa perege wanatia samadi makusudi ili maji yawe ya kijani, kisha wanazamisha mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi. Sebuleni hatuna haja nacho.

Chanzo cha kawaida ni jua kukutana na amonia. Amonia inatoka kwenye tangi jipya ambalo bakteria wake wa kula amonia hawajakaa sawa, jambo linalochukua kama wiki nne hadi sita. Inatoka pia kwa samaki aliyefia nyuma ya gogo usimwone, kwa chakula kilichooza, au kwa filta iliyooshwa kwa maji ya bomba yenye klorini. Tafuta hicho kwanza, halafu weka giza.

Giza lifanywe hivi. Badilisha nusu ya maji. Usilishe. Zima taa, funika tangi lote kwa blanketi au mifuko myeusi pasibaki hata ufa, na uache pampu ya hewa ikivuma bila kukoma. Kaa siku tatu, nne ukiweza, bila kufunua kuchungulia. Ukifunua, badilisha tena nusu ya maji siku hiyohiyo, maana mwani uliokufa unaoza na kurudisha amonia ileile. Samaki wazima watavumilia njaa ya siku nne bila shida. Wasichovumilia ni kukosa hewa: gizani mimea nayo inavuta oksijeni badala ya kuitoa, na maji ya nyuzi 29 au 30 yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, funua, chota maji kwa jagi na kuyamwaga humohumo kutoka juu, na ukiona samaki wanahema juu ya maji, acha zoezi. Kwa sababu hiyo mimi sifanyi giza Januari na Februari kama nina njia nyingine.

Vumbi la kahawia

Tangi lina wiki mbili au tatu, kioo na mchanga vimefunikwa na unga wa kahawia. Unga huu unakula silika, madini yaliyomo kwenye maji na mchanga mpya. Futa kwa sponji, nyonya kwa mpira, subiri. Mimea ikishika, unapungua wenyewe. Unga huo ukirudi kwenye tangi lililokwisha kaa mwaka mzima, angalia kama umebadilisha mchanga au chanzo cha maji.

Madoa magumu yasiyotoka

Vidoti vya kijani, vigumu kama rangi iliyokaukia, kwenye kioo na kwenye majani yanayokua polepole kama ya anubiasi. Kwenye kioo tumia wembe mkavu, ukiulaza. Kama tangi ni la plastiki, kadi ya benki iliyokwisha muda inatosha. Kwenye jani havitoki, likate.

Madoa haya yanapenda mwanga mkali na maji yenye upungufu wa fosfeti, ambayo ni chakula cha mimea. Hapo ndipo ushauri wa "punguza chakula" unapokwenda kombo: kwenye tangi lenye mimea mingi na samaki wachache, madoa mara nyingine yanaongezeka kwa sababu mimea ina njaa. Ukiona majani mapya ni madogo kuliko ya zamani na madoa yanazidi, ongeza mbolea ya majini kidogo na ushushe mwanga. Usichukue mbolea ya shambani ukaitia majini. Urea na NPK nyingi zinaachia amonia, na hapo utakuwa umejipikia maji ya kijani mwenyewe.

Nyuzi

Nyuzi za kijani zinazozunguka mashina ya mimea ndizo nyepesi kutoa na nyepesi kurudi. Chukua mswaki wa zamani, uzungushe kama unavyozungusha uma kwenye tambi, zitatoka kwa mafungu. Fanya hivyo kabla ya kila kubadilisha maji ili vipande vilivyokatika vitoke na maji.

Chanzo ni mwanga mwingi kwenye mimea michache. Dawa yake ni mimea mingi zaidi, ya kukua haraka. Seratofilamu, ule usio na mizizi wenye majani kama mkia wa kicheche, unafyonza amonia na naitreti, ile mbolea inayotokana na amonia, kuliko mimea mingi ya dukani. Pistia inayoelea kama kichwa cha saladi inafanya kazi mbili, inakula uchafu na inatia kivuli. Acha ifunike theluthi moja ya maji, ikizidi itupe, vinginevyo mimea ya chini itakufa gizani.

Wengi wanauliza kuhusu samaki wa kula mwani. Moli wanadonoa nyuzi vizuri. Yule kambale wa kunyonya kioo anauzwa akiwa mdogo kama kidole, anakua kupita sentimita 30, na kinyesi chake kinalisha mwani mwingi kuliko anaoula. Perege usithubutu, atakula mimea kwanza.

Ndevu nyeusi

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa. Vishungi vyeusi au vya kijivu, laini ukivitazama lakini havivutiki, kwenye kingo za majani, kwenye gogo, kwenye mdomo wa filta pale maji yanapokwenda kasi. Kwa ukoo ni mwani mwekundu, ingawa rangi hiyo huioni mpaka uuue. Samaki wengi hawaugusi ukiwa hai.

Katika matangi yasiyo na mtungi wa hewa ukaa, chanzo ninachokutana nacho zaidi ni hewa ukaa inayopanda na kushuka. Na kinachoipandisha na kuishusha ni chupa ya sukari na hamira, ile inayounganishwa na tangi kwa mpira ili itoe hewa ukaa. Kwa watu wa nchi za baridi chupa ile inakwenda wiki mbili au tatu. Kwetu, Januari, hamira inachemka kama pombe ya harusi, inatoa gesi nyingi siku tatu za mwanzo, halafu inazimika. Mmea unazoea wingi, unanyimwa, unazoea tena. Ndevu zinashukuru. Mbaya zaidi, nilijaza chupa kupita shingo usiku mmoja, povu likapanda mpira na kuingia tangini. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama tui na nilikuwa nimepoteza gapi watatu. Ukitaka kutumia chupa, acha nafasi ya kiganja juu, tumia hamira robo kijiko cha chai badala ya nusu, weka chupa ya pili tupu katikati ya njia ya kudaka povu, na uwe na chupa mbili unazozipishana kila wiki. Ukiona kazi ni nyingi, acha kabisa. Hewa ukaa kidogo isiyobadilika ni bora kuliko nyingi ya kubahatisha.

Kuziua ndevu zilizopo: nunua duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Soma lebo, kuna ya asilimia 6, hiyo ichanganye na maji safi nusu kwa nusu kwanza. Pima tangi lako, urefu mara upana mara kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, hizo ni lita. Usizidishe mililita 1 ya asilimia 3 kwa kila lita 4. Zima filta, vuta dawa kwa sirinji isiyo na sindano, puliza polepole juu ya kishungi, subiri dakika kumi, washa filta, badilisha robo ya maji. Baada ya siku mbili tatu ndevu zinageuka waridi, na hapo moli na konokono wanaanza kuzila. Usiguse tangi zima kwa siku moja, piga upande mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Kamba wadogo, na ile mimea midogo ya kama zulia iitwayo mosi, hawaipendi dawa hii.

Gogo au jiwe lililojaa litoe nje, mwagia maji yanayochemka. Majani yaliyojaa yakate.

Utando unaoteleza na kunuka

Unabanduka mzima mzima kama malai juu ya maziwa, rangi ya kijani yenye ubuluu, na harufu yake ukishaijua hutaisahau, harufu ya matope ya mtaro. Huu si mwani, ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Unaanzia mahali maji yasipotembea: nyuma ya mawe, kona ya mbali na filta, juu ya mchanga wenye mabaki. Naitreti ikiwa chini sana unapata nafasi zaidi, kwa kuwa baadhi yao wanaweza kujipatia naitrojeni kutoka hewani na mimea yako haiwezi.

Nyonya wote kwa mpira, elekeza mdomo wa filta kwenye kona iliyolala, kisha giza la siku tatu kama nilivyoeleza. Kuna wanaotia vidonge vya antibayotiki. Vinaua, lakini vinaweza kuua pia bakteria wa filta, na vidonge vya binadamu si vya kuchezea kwenye ndoo.

Tazama pia unachowalisha samaki. Unga wa dagaa ni mtamu kwao na unachafua haraka. Wali na mkate ni mbaya zaidi, vinabaki chini na kuoza. Lisha mara moja kwa siku, kiasi watakachomaliza ndani ya dakika mbili. Wape watoto kifuniko cha soda kama kipimo, maana wao ndio wanaolisha mara ya pili bila kukuambia.

Umefanya yote na bado

Basi chunguza maji na mawe. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuwa na naitreti nyingi tayari, na kila unapobadilisha maji unaongeza mbolea. Linganisha: jaza ndoo mbili nyeupe, moja maji ya kisima, moja ya mvua, ziweke juani siku kumi. Ya kisima ikigeuka kijani mbele ya mwenzake kwa mbali, umepata jibu, anza kuchanganya na ya mvua nusu kwa nusu. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha yatoe klorini. Na kama unaongeza tu yaliyokauka bila kutoa ya zamani, jua kwamba yanayokauka ni maji peke yake, uchafu na chumvichumvi vinabaki. Toa theluthi kila wiki.

Mawe ya matumbawe na makombe tuliyookota ufukweni yanapendeza, lakini yanayeyuka kidogo kidogo na kufanya maji kuwa magumu, na mimea mingi inapata shida kuvuta hewa ukaa humo. Dondoshea jiwe siki au ndimu: likitoa povu, lirudishe pwani. Mchanga wa ufukweni hivyohivyo, tumia wa mto uliooshwa. Ndoo iliyowahi kubeba dawa ya mikorosho isikaribie tangi hata ikiwa imeoshwa mara kumi.

Mimea ya kuokota mabwawani inapatikana, yungiyungi, seratofilamu, pistia, na ndiyo bora kwa kuwa imezoea joto letu. Tatizo ni kichocho, ambacho kipo ukanda huu. Usiingie majini miguu mitupu kufuata mmea, vuta kwa mti mrefu ukiwa nchi kavu na uvae glavu za mpira. Nyumbani iloweke kwenye ndoo ya pembeni kwa wiki moja, ukibadilisha maji kwa glavu, na kila siku utoe konokono wanaojitokeza. Konokono wa kichocho cha mkojo ni mdogo. Ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea, mdomo uko upande wa kushoto. Wapo wengine wasio na madhara wenye mdomo wa kushoto vilevile, kwa hiyo usikae kuwachagua, toa wote kwa kijiko na uwaponde. Maji ya ndoo ile yamwage juani kwenye mchanga mkavu, mbali na mfereji. Maji ya tangi lenyewe unalobadilisha kila wiki hayana neno, mwagia mchicha.